Moshi wa Vyama Viwili

KWA WANANCHI WOTE, WAPISHI KWA WALAJI. Serikali ina heshima na taadhima kutangaza kwamba uadui kati ya Chama cha Wasonga Ugali na Chama cha Wachemsha Maharage umekufa, umezikwa, na kaburi lake limesakafiwa. Kuanzia sasa vyama hivyo vitaungana kuwa chama kimoja, imara, kisichogawanyika, na wajukuu wetu hawataamini kwamba viliwahi kuwa viwili.

Tangazo hilo lilibandikwa alfajiri kwenye kila ukuta wa nchi, na kabla ya chai ya saa nne Chama cha Wachemsha Maharage kilikuwa kimelikataa. Hakikuwa na neno na maandishi. Kilichokiudhi ni gundi. Tangazo la umoja lilikuwa limebandikwa kwa uji wa mahindi, na unga wa mahindi, kwa mujibu wa sheria, ni mali ya upande wa ugali. Matangazo yakabanduliwa yote. Serikali, ambayo haishindwi na jambo, ikayarudisha kwa misumari, kwa kuwa misumari haikuwa na chama.

Nchi yenyewe haitatajwa hapa, maana wakati ule jina lake lilikuwa bado kamatini. Inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi ya shule za bweni. Watoto wote walikaa bweni ili wazazi wao wapate nafasi ya kuhudhuria mikutano. Mchana watoto hao walikula ugali kwa maharage, na jioni, ili wasichoke, walikula maharage kwa ugali. Kwa hiyo wapishi wa shule ndio waliokuwa jeshi kubwa kuliko jeshi lenyewe, na jeshi hilo lilikuwa limegawanyika tangu siku wazee wake waliposhindwa kukubaliana ni kipi kitangulie kuwekwa kwenye sahani. Msonga ugali hakugusa upawa. Mchemsha maharage hakugusa mwiko. Wakikutana njiani, mmoja alitazama mawingu na mwingine alitafuta kitu alichodondosha.

*

Katika Shule ya Sekondari ya Mkwamo jikoni kulikuwa na mtu mmoja tu, Bi Sikudhani.

Zamani walikuwa wawili. Mwenzake wa maharage aliolewa na dereva wa lori la kuni akaondoka na lori, nafasi yake ikatangazwa, na nasikia tangazo bado linaendelea vizuri. Mkuu wa shule, mtu wa kupenda amani, alimwita Bi Sikudhani ofisini akamkalisha kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

"Mama, sufuria ya maharage haiwezi kukaa bila chama. Sheria hairuhusu. Nakuomba ujiunge na huko."

"Mimi ni wa ugali, mwalimu."

"Na utaendelea kuwa wa ugali. Hakuna atakayekunyang'anya ugali wako. Utakuwa tu na adui yako pia."

Hivyo Bi Sikudhani akawa wafanyakazi wawili kwa mshahara mmoja. Wizara ilimsifu mkuu wa shule kwa ubunifu.

Lakini taabu ya Bi Sikudhani haikuwa vyama. Taabu yake ilikuwa moshi. Jiko la Mkwamo lilikuwa la matofali, moto mmoja chini na matundu mawili juu, moja la ugali na moja la maharage, na hapakuwa na dohani. Moshi ulitoka kwa mlango, mlango ukiwa wazi na moshi ukijisikia kutoka. Siku nyingine ulibaki ndani kama mgeni aliyependa mji. Miaka ya kuinama juu yake ilikuwa imeyageuza macho ya Bi Sikudhani kuwa mekundu kama pilipili, kisha, polepole, kuwa na ukungu. Alianza kutia chumvi mara mbili. Alianza kumwamkia mkuu wa shule kwa jina la mlinzi.

Wanafunzi hakuwajua tena kwa sura. Aliwajua kwa kukohoa, kwa maana hakuna aliyepita pale dirishani bila kukohoa.

"Wewe wa kukohoa kama mbuzi, jana hukuja kula. Unaumwa?"

"Nilikuwa nafua, mama."

"Haya, lete sahani. Na wewe unayekohoa huku unaguna, sogea."

Tunaambiwa pia kwamba alikuwepo mwanafunzi mmoja mwenye vikohozi viwili. Kimoja kilikuwa kizito, cha mtu mzima anayedai kodi ya nyumba. Kingine kilikuwa chembamba, cha kuonewa huruma. Kati ya kikohozi kimoja na kingine ulipita muda wa kutosha kulizunguka jiko kwa miguu, na kila kikohozi kilipewa sahani yake. Historia haikuhifadhi jina la mwanafunzi huyo, na hapa si mahali pa kuisahihisha historia.

Siku moja Bi Sikudhani alikwenda zahanati. Muuguzi alimwinua kidevu, akamtazama macho yote mawili.

"Mama, dawa ya matone ninayo, lakini matone hayawezi kushindana na moshi wa kila siku. Ukiendelea na jiko hilo, mvua za mwakani utazisikia tu zikilia kwenye bati. Hutaziona."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Wajenge dohani. Bomba la kupandisha moshi juu ya paa, basi. Si kitu kikubwa."

Muuguzi yule alikuwa mgeni nchini, ndiyo maana alisema si kitu kikubwa.

*

Bi Sikudhani alipeleka ombi la dohani kwenye chama chake. Kwa kuwa hakutaka kumwonea mtu, alilipeleka kwenye vyama vyake.

Wa kwanza kufika alikuwa Komredi Ladislaus Mbonde, Mwenyekiti wa Wasonga Ugali, mtu mnene aliyetembea na mwiko wa heshima mrefu kuliko yeye, ukiwa umebebwa na msaidizi. Alisimama nje ya jiko, mahali penye hewa, akaongea kupitia mlangoni.

"Bi Sikudhani, moshi huu ni tusi kwa kila msonga ugali aliye hai. Tutaudai uondoke."

"Ahsante, mwenyekiti."

"Na ukiondoka, ieleweke ni sisi tuliouondoa."

Kesho yake alikuja Komredi Mahfudhi Kirobo, Mwenyekiti wa Wachemsha Maharage, mwembamba, na upawa wa fedha ukining'inia shingoni. Naye alisimama pale pale penye hewa, ila alifuta kwanza mahali aliposimama mwenzake.

"Bi Sikudhani, moshi huu nauona wazi ni mkono wa wasonga ugali."

"Hapana, mwenyekiti. Ni wa kuni."

"Kuni za nani?"

"Za shule."

"Ahaa. Wanajificha nyuma ya shule."

Hapo ndipo dohani ilipokwama. Kila chama kilitaka kuijenga na hakuna kilichotaka mwenzake aijenge, na sheria ya nchi ilisema bomba hujengwa na mwenye moshi. Ikabidi kwanza ijulikane moshi ni wa nani. Serikali ikaunda tume ya wataalamu, na wataalamu wakaingia jikoni wamevaa tai.

"Bi mkubwa," mwenyekiti wa tume alisema, "tuwashie moto wa ugali peke yake."

"Moto ni mmoja, bwana mkubwa."

"Basi tuzimie ule wa maharage."

Bi Sikudhani, kwa kutaka kusaidia, aliiondoa sufuria ya maharage jikoni. Tundu lililobaki wazi likatapika moshi kuliko mwanzo, tume nzima ikapotea ndani yake, na sauti pekee iliyosikika ni ya mtu aliyetafuta mlango kwenye kabati la vyombo. Taarifa ya tume ilisomwa redioni wiki iliyofuata. Ilisema moshi wa maharage hutoka hata pale maharage yasipokuwepo, na kwamba wajumbe waliguswa na hali ya mama huyu mpaka wakatoa machozi. Ilipendekeza iundwe tume nyingine, ikutane sehemu isiyo na moshi.

*

Vyama vilipoona tume haikumpa yeyote moshi wake, viligoma. Wasonga Ugali waligoma Jumanne. Mwongozo wa mgomo ulisema kila mwanachama asimame mlangoni mwa jiko lake kuwazuia wasaliti, na mwongozo wa Wachemsha Maharage ulisema siku hiyo kila mwanachama apike kwa bidii kuliko kawaida, hata kama atazuiwa mlangoni.

Bi Sikudhani alikuwa mwanachama mtiifu. Asubuhi alisimama mlangoni akiwa ameushika mwiko kama bunduki. Alikaa hapo kwa muda wa haki, hakuona msaliti isipokuwa mmoja, naye akamkatalia kuingia. Kisha akaenda nyuma. Mwalimu wa zamu alimkuta mguu mmoja ndani na mwingine nje.

"Mama, unafanya nini dirishani?"

"Mlangoni nimejizuia, mwalimu."

Jumanne hiyo wanafunzi walikula maharage matupu. Alhamisi waligoma Wachemsha Maharage, Bi Sikudhani akapita tena dirishani, kwa ajili ya upande wa pili, na wanafunzi wakala ugali mtupu. Wenye akili zaidi walikuwa wameyahifadhi maharage ya Jumanne ndani ya masanduku yao ya bweni mpaka Alhamisi, ili vitu hivyo vikutane. Vilikutana. Harufu ya bweni wiki ile ilifika mpaka barabara kuu, na mmoja wa waliolazwa kwa tumbo alikuwa mtoto wa Waziri wa Kazi na Subira.

Waziri hakuwa amewahi kusikia habari za migomo. Sasa alizisikia kwa sauti ya mkewe. Kabla jua halijazama vyama vyote viwili vilikuwa vimejulishwa kwamba vinapendana.

Ndipo lilipotoka lile tangazo la uji, na baadaye la misumari. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba kazi ya kwanza ya chama kipya itakuwa dohani ya Mkwamo. Bi Sikudhani alisomewa mstari huo na mlinzi. Akamwomba ausome tena. Akaenda kufua kanga yake nzuri.

*

Mazungumzo ya kuungana yalifanyika katika ukumbi wa hoteli yenye feni. Meza ilikuwa ndefu, Wasonga Ugali upande huu na Wachemsha Maharage upande ule. Kila jiko nchini lilitakiwa lilete mjumbe mmoja wa kila chama, kwa hiyo Bi Sikudhani alikuta viti viwili vyenye jina lake, vikitazamana.

"Nikae wapi, baba?" alimwuliza kijana wa itifaki.

"Kote, mama. Ukiongea kwa niaba ya ugali ukae huku. Ukijibiwa, uvuke."

Ajenda ya kwanza ilikuwa dohani. Komredi Mbonde alimpa nafasi mjumbe wa Mkwamo upande wake. Bi Sikudhani akasimama.

"Naomba tuijenge kwa pamoja," alisema. Akaizunguka meza, akakaa kiti cha pili, akapumua kidogo, akasimama tena. "Nimekubali," alisema.

Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na ajenda.

"Kumekuwa na kasi hapa," Komredi Kirobo alisema. "Bi Sikudhani, uliwahi kuwasiliana na upande wa pili kabla ya kikao?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Tumekuja basi moja."

"Mmesikia wenyewe," Komredi Kirobo aliuambia ukumbi. "Wamepanga."

"Kwa mara ya kwanza naungana na mwenzangu," alisema Komredi Mbonde. "Huu ni usaliti wa pande zote mbili."

Wote wawili wakapeana mkono, ikawa ndiyo hatua kubwa ya siku ile. Bi Sikudhani alitolewa ukumbini mara mbili, mara moja kwa kila kiti, na dohani ikasogezwa mpaka mengineyo.

Muda uliobaki ulikwenda kwenye jina. Komredi Mbonde alitaka ugali utangulie, kwa kuwa ugali ndio chakula na maharage ni msindikizaji. Komredi Kirobo alisema hajaona mtu aliyemeza msindikizwaji akiwa mkavu hivyo bila kupiga kelele. Baada ya siku nyingi, na kuku wengi, walifikia muafaka ambao redio iliuita wa kihistoria. Chama kitaitwa Chama Kikuu cha Muungano wa Wasonga Ugali na Wachemsha Maharage, ambao Vilevile ni Wachemsha Maharage na Wasonga Ugali.

Jina hilo halikuenea kwenye kibao chochote kilichokuwa dukani. Lilihitaji bango la bati, bati nene, refu, jipya. Na katika nchi nzima bati la namna hiyo lilikuwa moja tu, lile ambalo Wizara ilikuwa imekwisha kulinunua kwa ajili ya dohani ya Mkwamo.

*

Sherehe ya muungano iliamuliwa ifanyike Mkwamo penyewe, kwa heshima ya Bi Sikudhani, mwanachama pekee nchini aliyekuwa amekwisha kuungana. Alipewa heshima nyingine ya kuwapikia wageni wote.

Meza kuu iliwekwa kivulini, jirani na jiko, ikiutazama uwanja ambako wapishi wa nchi nzima walikaa kwa vyama vyao na kamba katikati. Nyuma ya meza kuu, kwenye nguzo mbili, lilisimama bango. Liling'aa kiasi kwamba hata Bi Sikudhani aliliona. Hakuona herufi, ila aliona weupe mrefu unaomeremeta, akajua ni bati, na akajua ni bati lipi.

Aliwafuata wenyeviti kabla hawajaketi, mikono ikiwa bado na unga.

"Waheshimiwa, na dohani?"

"Dohani ipo, mama," alisema Komredi Mbonde. "Ipo katika awamu ya pili."

"Na awamu ya kwanza ni nini?"

Komredi Kirobo akalionyesha bango kwa upawa wake. "Si hilo hapo."

"Mimi macho yangu hayangoji awamu, baba."

"Tunakuelewa kabisa, mama," wenyeviti walisema kwa pamoja, na wapiga picha wakaomba waseme tena, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kusema kitu kimoja.

Hapa inabidi ielezwe desturi moja ya nchi ile, ambayo wenyewe wanaijua na wageni huishangaa. Meza kuu haigeuki nyuma. Zamani waziri mmoja aligeuka kutazama nani aliyepiga chafya, na aliporudisha uso mbele alikuta kiti chake kimekaliwa na mwingine, ambaye alikitumikia kwa uaminifu mpaka alipostaafu. Tangu hapo hakuna mkubwa aliyegeuka. Hukaa wakitazama mbele, husimama wakitazama mbele, huondoka wakitazama mbele, na mengi ya nchi ile yamekuwa yakitendeka nyuma yao kwa sababu hiyo.

Bi Sikudhani aliijua desturi hiyo. Aliuliza pembeni kama na leo inafuatwa, akaambiwa leo zaidi, maana yupo Waziri.

Basi Waziri alipofungua hotuba yake, Bi Sikudhani alitoka jikoni akawaendea wanafunzi wa kidato cha tatu wa ufundi, waliokuwa wamepangwa kugawa maji.

"Nani kati yenu anajua kukunja bati?"

"Wote, mama. Ndio mtihani wetu wa mwisho."

"Mtihani umeletwa mbele. Kaleteni nyundo."

"Na ngazi, mama?"

Ngazi ilikuwa upande wa wasonga ugali, ikiwa imetumika kufungia kamba. Mwanamke mmoja mnene wa upande huo aliwaona vijana wakiitazama. Akalitazama bango, akamtazama Bi Sikudhani anayepangusa macho kwa ncha ya kanga, na yeye mwenyewe macho yake yalikuwa mekundu hivyo hivyo. Akainuka na ngazi. Ilipoyumba kwenye nguzo, mchemsha maharage mmoja aliruka kamba akaudaka mguu wa pili.

"Shika huko, dada," alisema wa ugali.

"Nimeshika. Kwenu nako hakuna dohani?"

"Kwetu hata mlango hakuna."

Waziri, uso mbele, aliuona umati wote ukimkazia macho. Hakuwahi kusikilizwa namna ile. "Ndugu wapishi," aliita, "je, tuko pamoja?"

Msumari wa kwanza uligongwa kutoka nyuma ya bati. Umati, ugali na maharage, ukapiga makofi kuufunika.

"Je, tutarudi nyuma?"

Msumari wa pili. Makofi.

Mwisho Waziri akaona kwamba kila akitua umati unapiga makofi, na hata asipotua unapiga, kwa mkupuo, kwa mapigo sawasawa kama watu wanaotwanga. Akaiweka hotuba kando akaanza kusema ya moyoni. Alisema kuhusu utoto wake. Bati likashuka. Alisema kuhusu bibi yake, makofi yakawa ya kufululiza, kwa kuwa kukunja bati kuwa bomba kunataka nyundo nyingi. Wenyeviti kulia na kushoto kwake walikuwa wakilia, kwa sababu upepo ulikuwa umeugeuzia moshi wote wa jiko meza kuu, na redio ikawatangazia wananchi kwamba viongozi wameshindwa kujizuia.

Jikoni Bi Sikudhani alizivuta kuni nje kidogo. Bomba likapitishwa darini, likatoka juu ya paa, likakazwa chini kwa matofali na udongo. Kisha alizirudisha kuni, akapuliza.

Moshi ulisita. Ulizunguka jiko mara moja, kama mtu anayeaga nyumba aliyoizoea, ukaingia bombani ukapanda.

Pale mezani Waziri alikatiza sentensi. Alipangusa macho, akapepesa, akatabasamu.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuipanga, "naona. Moshi uliokuwa hapa umeondoka. Mnajua ni kwa nini umeondoka? Hayo ndiyo matunda ya kwanza ya muungano."

Safari hii umati ulipiga makofi bila nyundo.

*

Wakubwa waliondoka wakitazama mbele. Upungufu uligunduliwa kesho yake gazetini, ambako picha ilimwonyesha Waziri ameinua mkono, na nyuma yake nguzo mbili zenye anga katikati.

Komredi Mbonde alisema bango limeibwa na wachemsha maharage. Komredi Kirobo alisema ugali daima umekuwa na mikono mirefu. Siku hiyo hiyo kila mmoja akarudi kwenye chama chake na kufungua tena ofisi yake. Lakini chama cha muungano hakikuweza kufutwa, kwa kuwa tangazo lilisema hakigawanyiki, na Msajili alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. Kikabaki na mwanachama mmoja ambaye hakuwa na pa kurudi. Hivyo nchi iliyotaka kutoka vyama viwili kwenda kimoja ikawa na vitatu, na Bi Sikudhani akawa mwanachama wa vyote, na katika kile cha tatu akawa pia mwenyekiti na mkutano mkuu.

Alikuja mpelelezi. Aliwahoji mamia ya wapishi waliokuwa wamekaa wakilitazama bango, na wote, wa kila upande wa kamba, walijibu kwamba walikuwa wakimtazama Mheshimiwa Waziri. Mpelelezi aliingia jikoni, akashangaa kwamba anaweza kuona ukuta wa pili. Akaliinulia bomba macho.

"Bi mkubwa, dohani hii imetoka wapi?"

"Hukumsikia Waziri, baba? Ni matunda ya muungano."

Mpelelezi alifungua mdomo. Akamfikiria Waziri, akaufunga. Akaomba maharage.

Bango halijapatikana mpaka leo, na waliolichukua hawajulikani. Mwandishi wa habari hizi hana anachokijua zaidi ya alichoambiwa na watu waaminifu ambao hawakuwepo. Linaloweza kuongezwa tu, kwa ajili ya watafiti, ni kwamba ndani ya dohani ile, juu kidogo ya kiungo cha kwanza, kumebaki maneno AMBAO VILEVILE, kichwa chini miguu juu, na herufi ya mwisho imekwanguliwa na kifungo cha shati.

Hapa ndipo ilipobidi kuacha kuandika. Makala hii ilibandikwa kwenye ubao wa habari wa shule, kwa gundi isiyo na upande, na Mwalimu wa nidhamu akaichorea mstari mwekundu chini ya neno kifungo. Pembeni akaandika: "Ulifikaje kule ndani?"

Haya. Mtu mmoja ilibidi aingie bombani ashike kiungo wakati wenzake wanakaza, akachaguliwa mwenye mabega membamba. Ni mimi. Kifungo nacho ni changu, na mwalimu akikitaka kiko kwenye majivu.

Nilidhani nikikiri hilo nimemaliza. Nikaenda kula, nikakohoa pale dirishani kwa kikohozi changu kizito, kwa mazoea tu, maana moshi haukuwepo. Bi Sikudhani alinipa sahani. Nikalizunguka jiko, nikarudi, nikakohoa kile chembamba.

Hakupakua. Aliinama kidogo dirishani, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nije Mkwamo niliona macho yake yana weupe.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wote wawili."

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii nakupakulia wewe, kisha namwonea huruma huyo mgonjwa."

"Ndiyo, mama."

Bi Sikudhani aliuweka upawa chini, akafikiri kama mwenyekiti anavyofikiri.

"Mimi nilikuwa wawili kwa mshahara mmoja," alisema. "Ninyi mmekuwa mmoja kwa sahani mbili. Basi unganeni leo hii, mkanioshee masufuria."